Darasa la mwakani lipime mto mahali palepale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wahadhiri, wanafunzi na watendaji wa vijiji kuhusu ziara za masomo ya usimamizi wa vidakio vya maji (kidakio ni eneo lote ambalo mvua yake hushukia mto mmoja), hasa zinazokuja huku kwenye Milima ya Uluguru. Utaratibu wake tunaujua. Basi linashusha vijana hamsini, wanalitazama Bwawa la Mindu, wanapanda kidogo kuelekea Morningside, wanapiga picha, wanamsikiliza mtaalamu mmoja, na jioni wanarudi chuoni. Ripoti zinaandikwa, na zote zinafanana: ukataji miti umezidi, kilimo cha miteremko ni tatizo, wananchi waelimishwe. Ripoti ya namna hiyo mtu anaweza kuiandika bila kutoka bwenini.

Ninachoshauri ni kwamba ziara iandaliwe ili darasa lipime kijito kimoja, mahali pamoja, kwa njia inayoeleweka, na darasa la mwakani lirudi palepale. Vituo sita kwa siku moja havimfundishi mtu kupima chochote. Kituo kimoja kilichopimwa kila mwaka kwa miaka kumi kitaifaa hata Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa sababu vijito vidogo vya milimani mara nyingi havina mpimaji wa kudumu, ilhali ndivyo vinavyoujaza Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini.

Mahali pa kuanzia tayari papo. Kidakio cha Mto Morogoro juu ya mji kina ukubwa wa kilomita za mraba 19 hivi, kuanzia mita 550 kutoka usawa wa bahari hadi kilele cha Lupanga chenye mita 2,138. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Uswidi, walikipima kidakio hicho: mvua, maji na tope. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1972. Darasa linalokwenda pale bila kuyasoma kwanza limejinyima nusu ya somo, maana ndiyo kipimo cha kulinganishia. Mhadhiri ayagawe wiki nne kabla ya safari, na kila kikundi kije na ukurasa mmoja wa maswali yaliyotokana nayo.

Kazi ya pili ya darasani ni ramani. Chukueni ramani ya topografia ya 1:50,000, muweke alama pale mtakapopimia maji, kisha mchore mpaka wa kidakio kwa mkono mkianzia hapo na kupanda kwenye migongo ya milima hadi mzunguke na kurudi. Mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye mwinuko mmoja, inapochongoka kuelekea juu ya mlima, hapo ni bonde. Inapochongoka kuelekea chini, hapo ni mgongo, na mpaka wenu upite juu yake. Kwenye ramani hiyo sentimita moja ya mraba ni robo kilomita ya mraba, kwa hiyo kidakio cha kilomita za mraba 19 kitajaza sentimita za mraba 76. Hesabuni vijiraba. Baada ya hapo ndipo mfungue kompyuta mfanye kazi hiyo kwa programu ya ramani ya QGIS na data za mwinuko za satelaiti, mlinganishe. Wanaoanza na kompyuta hukubali mpaka wowote utakaotoka, hata ukikatiza juu ya mto.

Kuna kosa moja la ramani linalojirudia kila mwaka. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, na simu au GPS huja ikiwa imewekwa WGS84. Tofauti kati ya mifumo hii miwili huku Morogoro ni mita 300 hivi, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Mwanafunzi anasoma nukta kwenye ramani, anaiingiza kwenye GPS, anaifuata, na anajikuta kwenye kijito cha jirani. Milimani mita 300 ni bonde jingine kabisa. Kabla ya safari kila kifaa kikaguliwe, mfumo uandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari pamoja na kanda, ambayo kwa Morogoro ni UTM 37 Kusini, na mjaribu nukta moja inayojulikana, kama makutano ya barabara karibu na chuo.

Vibali vichukue nafasi yake mapema. Barua ya chuo huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikateremka wilayani, halmashauri, kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kila ngazi huongeza barua yake, na hakuna ngazi inayopenda kurukwa. Mkipanda hadi msituni, Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000 na iliyotangazwa mwaka 2008, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kuingia kunahitaji kibali chao. Takwimu za vituo vya mito ziombwe Bodi ya Bonde kwa barua tofauti, zikitajwa jina la mto, jina la kituo na miaka inayotakiwa. Barua inayoomba "data zote za maji" hukaa mezani hadi darasa limeshahitimu. Wiki nne kwa mambo haya si nyingi. Muulizeni pia mwenyekiti wa kitongoji siku ya gulio ni ipi. Siku hiyo hamtamkuta mkulima shambani.

Msimu ndio unaoamua mtaona nini. Huku masika ni Machi hadi Mei, na vuli huanza karibu na Oktoba hadi Desemba. Vyuo hupenda Julai hadi Septemba kwa sababu ya kalenda ya mafunzo kwa vitendo na kwa sababu barabara ni kavu. Sawa, lakini kipindi hicho mto ni mdogo na mweupe, na mwanafunzi ataondoka akiamini kwamba mmomonyoko ni mdogo. Mwanzo wa Juni ni afadhali: maji bado ni mengi kiasi cha kupimika vizuri, na njia zimeanza kukauka. Bora kuliko yote ni safari mbili fupi, moja mwishoni mwa masika na moja Septemba, kwa gharama ileile ya safari moja ya siku tatu. Msidanganyike pia na mvua ya mjini. Mji wa Morogoro hupata milimita 800 hadi 900 hivi kwa mwaka, lakini miteremko ya mashariki, inayopokea upepo wa Bahari ya Hindi, hupita milimita 2,000. Kipima mvua kilichoko chuoni hakiwezi kuusemea mlima.

Sasa nije kwenye kupima maji yenyewe, maana hapa ndipo maandalizi mengi huvuja.

Njia ya kuelea haihitaji kifaa cha bei. Tafuteni sehemu ya mto iliyonyooka kwa mita 10 hadi 20, yenye upana usiobadilika sana na isiyo na mawe makubwa yanayogawa maji. Tumieni chungwa: huelea likiwa limezama karibu lote, halisukumwi na upepo kama chupa ya plastiki au jani. Litupwe mita chache juu ya mstari wa kuanzia ili lishike mwendo wa maji kabla ya kupimwa. Rudieni mara zisizopungua tano, katikati na pembeni, na mliache tu jaribio ambalo chungwa limekwama. Kisha pimeni kina. Mto wa mita 4 ugaweni kila sentimita 40, mpate visehemu kumi na vina tisa vya ndani, huku kingo mbili zikiwa sifuri. Jumlisheni vina, mzidishe kwa 0.4. Jumla ya vina ikiwa mita 2.5, eneo la maji ni mita moja ya mraba. Wanafunzi wengi hukokotoa wastani wa vile vina tisa, wakazidisha kwa upana wote wa mita 4, na kupata 1.11. Wamesahau kwamba kwenye kingo maji huisha. Hilo ni ongezeko la asilimia 11 kabla hata chungwa halijaguswa.

Chungwa likienda mita 10 kwa sekunde 20, mwendo wa juu ni nusu mita kwa sekunde. Lakini maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo mwendo huo upunguzwe. Kwenye mfereji laini na wenye kina huzidishwa kwa 0.85. Kwenye kijito cha mlimani, chenye kina kifupi na mawe, 0.6 hadi 0.7 inafaa zaidi. Kwa 0.7 mnapata mita za ujazo 0.35 kwa sekunde, yaani lita 350. Anayesahau kupunguza ataandika lita 500, na anayetumia 0.85 kwa sababu ndiyo aliyoikuta kwenye kitabu ataandika 425. Kwa hiyo daftari liandikwe namba ghafi: sekunde, mita, kina kimoja kimoja na kizidisho kilichotumika. Jibu la mwisho pekee haliwezi kukaguliwa na mtu wa mwaka ujao.

Kama chuo kina kipima mwendo cha propela, kiende pia, lakini kijaribiwe wiki moja kabla. Pulizeni propela, muone inazunguka kwa ulaini na inaacha taratibu bila kukatika ghafla. Betri mpya ziwe mfukoni. Mtoni, pale kina kinapopungua mita 0.75, propela iwekwe kwenye asilimia 60 ya kina kutoka juu, kwa sekunde 40 au zaidi kila nukta. Kina kikizidi hapo, somo lichukuliwe kwenye asilimia 20 na 80, kisha wastani. Anayeshika fimbo ya kifaa asimame upande wa chini wa mto na pembeni, miguu mbali na propela. Akisimama upande wa juu wa mto anapima msukosuko wa miguu yake mwenyewe. Majani yakijizungusha kwenye propela mwendo hushuka bila mtu kujua, kwa hiyo itazamwe kila baada ya nukta mbili tatu.

Kwenye vijito vya Uluguru vyenye mawe na maporomoko, propela haina pa kukaa, na hapo chumvi ya mezani ndiyo inayofaa. Pimeni nusu kilo ya chumvi kavu kwa mizani ya maabara na muifunge kwenye mfuko usiopitisha unyevu, maana chumvi iliyonyonya unyevu ina uzito wa uongo. Iyeyusheni yote kwenye ndoo ya maji ya mto, koroga hadi chini pasibaki punje, halafu mwageni kwa mkupuo mmoja katikati ya mto. Mpimaji akae upande wa chini wa mto, kwa umbali wa angalau mara 25 ya upana wake. Mto wa mita 4 unahitaji mita 100, na kati yenu kusiwe na kijito kinachoingia wala dimbwi lililotuama. Anaandika usomaji wa upitishaji umeme wa maji kila sekunde 5, akianzia kabla chumvi haijamwagwa, asiache hadi namba irudi ilipokuwa. Wengi huacha mapema, mkia wa chumvi unapotea, na mto unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Hesabu yake si ngumu: toeni usomaji wa awali kwenye kila somo, jumlisheni, zidisheni kwa sekunde 5, kisha kwa kizidisho mlichokipata wenyewe kwa kutia chumvi iliyopimwa kwenye lita moja ya maji ya mto huohuo. Kizidisho hicho mara nyingi huwa karibu na 0.5. Jumla baada ya kuzidisha kwa sekunde 5 ikiwa 2,500 na kizidisho 0.5, mnapata 1,250. Gawanyeni miligramu 500,000 kwa 1,250: lita 400 kwa sekunde. Waarifuni watu wanaochota maji chini yenu kabla ya kumwaga. Chumvi hiyo haiwadhuru, lakini kuona mgeni anamwaga ndoo ya kitu cheupe kwenye chanzo cha maji ni jambo linaloweza kumaliza ziara papo hapo.

Chungwa likisema 350 na chumvi 400, mko vizuri. Tofauti ikipita robo, msikubaliane katikati. Rudieni.

Chemchemi zisipitwe. Bomba au mlizamu unaojaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 8 una lita 2.5 kwa sekunde, na hicho ni kipimo sahihi kuliko vyote nilivyovitaja, kwa ndoo na saa ya simu tu.

Kuhusu saa: fomu zote ziandikwe saa za kimataifa, 09:00, 14:30. Katika kundi moja mtu huandika 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi, mwenzake 9:00 kwa wakati uleule, na mtu wa tatu anayechora grafu usiku anapata mto uliopanda na kushuka mara mbili kwa siku ya jua kali. Linaonekana dogo, lakini limeharibu grafu nyingi.

Tope. Chupa za lita moja, zilizooshwa na kusuuzwa kwa maji ya mto, zijazwe kwa kushushwa toka juu hadi karibu na sakafu ya mto na kupandishwa kwa mwendo uleule, katikati ya mkondo. Chupa iliyochotwa ukingoni ina tope la ukingoni. Maandishi yawe kwenye mwili wa chupa, kwa penseli juu ya plasta ya karatasi, kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana maabara. Huko maji huchujwa kwa karatasi iliyopimwa uzito kabla, ikakaushwa kwenye nyuzi 105, ikapimwa tena.

Kwa nini safari moja ya kiangazi hudanganya, tufanye hesabu ya mfano. Mto wa lita 350 kwa sekunde wenye miligramu 10 za tope kwa lita hubeba kilo 12.6 kwa saa. Mto huohuo siku ya mvua kubwa, tuseme lita 2,000 kwa sekunde na gramu 3 kwa lita, hubeba tani 21.6 kwa saa. Saa moja ya gharika ni sawa na siku 71 za mto mweupe. Darasa halitakuwepo saa hiyo, kwa hiyo liache chupa zitakazokuwepo: fungeni chupa sita kwenye nguzo imara kila baada ya sentimita 20 kwenda juu, kila kizibo kikiwa na mirija miwili, wa kuingiza maji chini kidogo ya ule wa kutoa hewa. Mto ukipanda zinajaa moja baada ya nyingine. Mkubaliane na mwalimu wa sekondari ya jirani au mjumbe wa jumuiya ya watumia maji azikusanye, na malipo yake yawe kwenye bajeti tangu mwanzo, si kwenye ahadi.

Wanaotaka kupima maji yanavyopenya ardhini kwa pete mbili wahesabu madumu kabla ya kuhesabu wanafunzi. Pete ya ndani yenye kipenyo cha sentimita 30 na ya nje ya 60 kwa pamoja humeza lita 28 kwa kila sentimita 10 za maji. Shamba lililolimwa laini linaweza kumeza sentimita 20 kwa saa, na jaribio hutaka saa moja na nusu hadi mbili ili namba zitulie. Ni lita mia na ushee, madumu sita ya lita 20, kwa jaribio moja, na hayo yanapanda mlima kichwani au begani mwa mtu. Fanyeni majaribio mawili tu, moja shambani na moja kwenye kivuli cha miti jirani, kwenye udongo wa aina moja. Na pete zisipigwe kwenye mteremko mkali bila kusawazisha, la sivyo maji humwagika upande wa chini na kuonekana yamepenya.

Nikija kwa watu, ziara nyingi hubeba dodoso lenye swali la aina hii: "Kwa nini hamchimbi matuta?" Aliyeliandika hajui anaongea na nani. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mtu anaweza kuwa analima shamba la ukoo wa mkewe, au amekodi kwa msimu mmoja. Kupanda mti wa miaka kumi kwenye ardhi ya namna hiyo ni kuanzisha kesi. Kwanza muulize shamba ni la nani, limekaa naye kwa muda gani na nani atalirithi, ndipo swali la matuta liwe na maana. Historia nayo ipo. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa hapa kuchimba matuta ya ngazi kupitia mpango wake wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na mwaka 1955 ghasia zikazuka na mpango ukaachwa. Haikuwa ukaidi mtupu. Kwenye udongo mwembamba tuta la ngazi huuzika udongo mweusi na kuuleta juu ule mwekundu usio na rutuba, kazi ni kubwa, na mavuno ya msimu wa kwanza hushuka. Kule Mgeta, hukohuko Uluguru, matuta ya ngazi yapo hadi leo, kwa kuwa yana maji ya mifereji na mboga zinazolipa jasho hilo. Mwanafunzi akiona tofauti hiyo kwa macho yake ameelewa usimamizi wa kidakio kuliko kwa mihadhara minne.

Na mkiwa Mgeta, kumbukeni Februari 1970: mvua ya milimita 100 hivi ndani ya saa tatu iliangusha maporomoko ya ardhi zaidi ya elfu moja. Mengi yalianzia mashambani na kwenye majani, machache mno msituni. Makovu na umbo la miteremko bado ni somo, na ni mahali pazuri pa kufanyia zoezi la kipimo cha mteremko kwa fremu ya A: miti miwili ya mita mbili, upau wa kati, uzi na jiwe. Kabla ya kuitumia igeuzwe miguu, uzi uwekewe alama pande zote mbili, na katikati ya alama hizo ndipo pa usawa. Fremu isiyogeuzwa hutoa kontua inayoshuka polepole, na kinga maji lililochimbwa juu ya kontua hiyo hukusanya maji mahali pamoja na kupasuka.

Zoezi la mita 60 nalo linafaa kwa wanaopita mjini. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chukueni futikamba, mpime kuanzia ukingo, si kuanzia maji ya siku hiyo, mhesabu kilichomo: bustani, nyumba, choo, kiwanda cha matofali. Muorodheshe tu. Vijana wasianze kuhukumu watu wakiwa wamesimama kwenye mboga zao.

Usalama nitauandika kwa kifupi kwa sababu si mgumu, unapuuzwa tu. Kikundi kimoja mtoni kisizidi watu wanane. Wengine wawe kwenye mteremko au ramani, wabadilishane. Maji yakibadilika rangi ghafla au yakaanza kuleta majani na vijiti huku mlipo hakuna mvua, tokeni wote, vifaa baadaye. Maji yaendayo kasi yakipita goti hayavukwi. Gambuti ni nzuri matopeni lakini likijaa maji mtoni huwa jiwe mguuni. Viatu vikuukuu vya kamba vinafaa zaidi kwenye mawe. Maji yaliyotuama, ya bwawani na mifereji, yana hatari ya kichocho, kwa hiyo huko hakuna kuingia miguu mitupu. Maji ya kunywa lita tatu kwa mtu. Mhadhiri aipite njia yote wiki moja au mbili kabla, na muda atakaotumia yeye aukadirie maradufu kwa darasa.

Yote haya yanapotea kama mahali pa kupimia hapajulikani mwakani. Kwa hiyo siku ya kwanza wekeni alama ya kudumu: msumari wa chuma uliopigiliwa kwenye mwamba au kwenye nguzo ya daraja, baada ya kupata ruhusa ya mwenye daraja, na kila mwaka mpime kwa futikamba umbali kutoka msumari hadi usawa wa maji. Geji ndefu ya chuma inapendeza, lakini itauzwa kama chuma chakavu kabla ya masika. Pigeni picha nne: juu ya mto, chini ya mto, na kila ukingo, msumari ukionekana. Fomu ghafi zikae kwenye faili moja la idara lenye mtu anayewajibika nalo kwa cheo chake, si kwenye kompyuta ya mhadhiri anayeweza kuhama. Nakala moja ya namba iende Bodi ya Bonde, na ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa mtendaji wa kijiji, wenye kiasi cha maji, rangi yake, na tofauti na mwaka uliopita, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kijiji kilichopata ukurasa huo hupokea darasa linalofuata kwa uso mwingine.

Bajeti haitashangaza mhasibu wa chuo. Machungwa, chumvi, ndoo, futikamba, chupa tupu, penseli, uzi, msumari mmoja na rangi kidogo ni gharama ndogo kuliko mafuta ya basi kuzunguka vituo sita. Kinachotakiwa zaidi ni muda kabla ya safari. Kwa darasa litakalopima mwanzoni mwa Juni, barua ya kwanza kwa Katibu Tawala iondoke chuoni Aprili, na data za Bodi ziombwe siku hiyohiyo.

Wako,
Msomaji na mpimaji maji,
Morogoro